Siku ya Kukalia Kiti

Siku ya nne ya kuumwa jino Domina aliamka taya limejaa mpaka chini ya kidevu, na sauti yake imebadilika, anaongea kama mtu aliyebugia uji wa moto. Baba yake, Ditram, akamsogeza mlangoni penye mwanga, akambonyeza pale shingo inapoanzia. Pagumu kama ndizi mbichi. Akauondoa mkono taratibu.

"Fungua mdomo."

"Haufunguki, baba."

"Kidogo tu. Nataka nione kama vidole viwili vinapita."

Kilipita kimoja, na hicho nacho kwa taabu.

Mama Yusrah, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa amesimama uani na kikombe cha maji ya karafuu. "Baba Domina, umempa karafuu peke yake. Weka na tumbaku. Mimi langu lilitulia kwa tumbaku."

"Lako lilikuwa jino, mama. Hili limeshatoka kwenye jino."

Ditram alijua anachosema. Kabla hajaja Mikumi kuchoma mahindi pembeni ya barabara ya malori, alikuwa mhudumu wa chumba cha meno katika hospitali moja ya Kilosa, miaka kumi na minane. Aliwahi kumwona mkulima wa kijiji cha Ulaya aliyeletwa kwa baiskeli akiwa na uvimbe wa namna hiihii. Yule bwana alikiona kiti akasema atakuja kesho. Kesho yake alikuja kweli, amefungwa kamba kwenye keria ili asianguke, na alipofika geti hakuwa na pumzi tena. Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili tu: gego litoke leo, au uvimbe ushuke kooni.

"Twende Kilosa," alisema.

"Siendi."

"Domina."

"Mama alikwenda."

Hapo hata Mama Yusrah akaangalia chini. Selestina, mke wa Ditram, aliingia hospitali ileile miaka miwili nyuma kujifungua. Ditram akamwambia binti yake mama atarudi Ijumaa, maana ndivyo alivyoambiwa na wenyewe. Ikatakiwa damu. Friji ya damu haikuwa na mafuta ya taa, na mwenye ufunguo wa stoo ya mafuta alikuwa Morogoro kwenye semina ya kuboresha huduma. Siku ya Ijumaa zilirudi kanga zake, zimekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuna aliyeulizwa. Mwenye ufunguo alipandishwa cheo.

Ditram hakubishana na mtoto. Aliingia ndani akatoka na stuli na kijiko, akaiweka stuli kando ya jiko la mahindi ambalo siku hiyo pia halikuwashwa. "Kaa hapa. Sikutibu, nakuonyesha tu."

Domina akakaa, amekunja mikono. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita, na ubishi wote wa mama yake.

"Hiki ndicho kioo chao," Ditram alisema, akakifumbata kijiko kiganjani mpaka kikapata joto, kisha akamgusisha shavuni. "Kiko baridi?"

"Hapana."

"Sasa sikiliza. Sikudanganyi kwamba haiumi. Sindano itauma, uhesabu mpaka kumi hivi. Baada ya hapo utasikia kusukumwa, na kusukumwa siyo kuumia. Ikizidi, inua mkono wa kushoto. Daktari anaacha palepale. Haulizi, hagombi. Haya, inua."

Akasogeza kijiko. Domina akainua mkono. Kijiko kikasimama. Wakarudia. Mara ya nne mkono ukapanda kabla kijiko hakijatoka magotini kwa Ditram.

"Unanijaribu wewe."

"Nakujaribu, ndiyo."

Mama Yusrah akacheka. Domina naye upande mmoja wa uso ukataka kucheka, ukashindwa kwa maumivu.

"Na huyo daktari wa sasa naye anaacha?" aliuliza.

"Anaacha."

"Unamjua?"

Ditram hakuwa akimjua. Tangu siku alipopewa barua ya kupunguzwa kazi hakukanyaga tena kile chumba. "Ndio utaratibu wa pale," alisema.

*

Ulikuwa utaratibu wa pale, kweli, kwa sababu yeye na daktari wa zamani ndio waliouweka. Watu wa Mabwerebwere, wa Rudewa, mpaka wa Ulaya, walikuwa wakija siku moja kabla ya kung'olewa, wanakalia kiti dakika kumi mdomo umefungwa, wanaonyeshwa koleo, wanalishika wenyewe wapime uzito wake, kisha wanarudi nyumbani. Iliitwa siku ya kukalia kiti. Haikuwa na risiti wala haikuandikwa popote. Kesho yake mtu anarudi kwa miguu yake mwenyewe, anapanda kitini kama anakaa kwenye benchi la kanisani au la kahawa. Daktari wa zamani alikuwa akisema ganzi moja kwa mtu aliyetulia inashinda mbili kwa mtu anayetetemeka, na Ditram aliliamini neno hilo kuliko sala.

Halafu wakaja mabwana watatu wenye tai na makabrasha, wakati ule wa kupunguza watumishi. Waliwaita mmoja mmoja. Ditram akaulizwa kazi yake nini hasa. Akasema, "Kukaa na wagonjwa wanaoogopa." Wale mabwana wakatazamana. Mmoja akainama kuficha cheko, akaandika. Miezi miwili baadaye barua ilisema nafasi yake haina kazi maalumu. Wale walioandika hayo, meno yao walikuwa wakiyatibia Dar es Salaam.

*

Lori la mbao liliwashusha Kilosa saa tano. Dirisha la kulipia lilikuwa jipya, limewekewa nondo, na nyuma ya nondo alikaa Costancia, karani aliyewahi kunywa chai ya Ditram kwa miaka mingi bila kuleta sukari.

"Za siku, Costancia."

"Nzuri, kaka Ditram. Mahindi yanakwendaje huko?"

Alisema kwa sauti ya kawaida tu, lakini foleni nzima ilisikia. Kwenye benchi, mzee mmoja wa Rudewa, Mzee Kondo, akanyoosha shingo. "Eh, daktari wetu umerudi? Sasa hata mimi siogopi."

"Shikamoo, mzee. Nimekuja na mgonjwa."

"Marahaba. Mgonjwa kama sisi?"

"Kama nyinyi."

Mzee Kondo akasema "aa," akajiegemeza tena ukutani, akashika shavu lake.

Costancia alitaka daftari la mgonjwa; likanunuliwa kwa mlinzi wa geti. Alitaka ada ya kumwona daktari na ada ya kung'oa, zikalipwa. Glovu, mgonjwa ajinunulie. Ganzi, mgonjwa ajinunulie, duka la dawa liko mbele ya geti.

"Hapa hamna hata moja?"

"Tangu mwezi uliopita."

"Na dukani zipo?"

"Dukani zipo tele."

"Duka la nani lile?"

Costancia akageuza karatasi iliyokuwa imeshageuzwa. "Kaka Ditram, wewe siyo mgeni. Usinitafutie maneno."

Ditram akahesabu kilichobaki. Nauli ya kurudi aliitenga soksini, nayo haifiki hata nusu ya bei ya ganzi moja. Zaidi ya hapo palikuwa na hela ya glovu na ganzi mbili, na gego la chini lenye usaha linataka mbili. Hilo alilijua hata akiwa usingizini. Akageuka kumwangalia Domina. Mtoto alikuwa amekaa pembeni ya Mzee Kondo, macho yamekaza kwenye mlango wa chumba cha meno. Mtu akitoka ndani akiguna, naye anainuka nusu, anatazama geti.

"Costancia, nisaidie kitu. Akalie kiti kidogo kabla ya zamu yake. Dakika kumi. Daktari akitoka kunywa chai."

"Kukaa nako ni huduma siku hizi. Tangazo limebandikwa hapo ukutani, soma. Kila anayekalia kiti anakatiwa risiti."

"Hata kama hakuguswa?"

"Akikaa mara mbili, risiti mbili. Siyo mimi, ni kamati."

"Kamati ya akina nani?"

"Ya wakubwa. Unalipa au nimwite mwingine?"

Hapo ndipo Ditram alipoamua kwa uzoefu wake wa miaka kumi na minane. Hela ya ganzi ya pili ilikuwa sawasawa na risiti ya kukaa. Alimtazama tena Domina, akaona kabisa vile atakavyoruka kutoka kitini akimbilie barabarani na uvimbe wake. Akasukuma noti chini ya nondo. "Kata ya kukaa."

*

Na kiti kilifanya kazi yake. Hilo lisemwe, asije mtu akasema Ditram alikuwa mjinga. Daktari alipotoka kunywa chai, mhudumu wa zamani aliingia na mwanawe, risiti mkononi. Taa ya juu ilikuwa imekufa, shingo imefungwa plasta. Birika la kuchemshia vyombo lilikuwa lilelile. Alimpandisha Domina, akamwinamisha, akamwinua, akampa koleo alishike.

"Zito," Domina alisema.

"Uzito wake ndio unaomsaidia daktari. Lingekuwa jepesi angetumia nguvu."

"Na hii ni ya kutemea?"

"Ya kutemea. Tema hata sasa."

Akatema. Hakutazama tena geti. Zamu yake ilipofika, jina likaitwa, Domina aliinuka mwenyewe, na Mzee Kondo akamwambia, "Kanitangulie, mjukuu wangu, unitengenezee njia."

Daktari wa sasa aliitwa Goodhope, kijana wa Morogoro, koti jeupe limefuliwa mpaka likawa la njano. Alikuwa peke yake kwa watu thelathini. "Mzee, ndugu wanasubiri nje."

"Niruhusu, daktari, nisimame hapa pembeni tu. Nilikuwa nafanya kazi humu."

"Shikamoo. Nimesikia habari zako. Simama, ila usiniongeleshe."

Aliangalia mdomo kwa tochi, akabana midomo yake. Akachukua ganzi, akaivuta kwenye sindano. Domina alihesabu kwa vidole vya mkono wa kulia mpaka kumi, machozi yanatiririka, mkono wa kushoto haukuinuka. Ditram akasema moyoni, Selestina, unamwona.

Wakangoja. Goodhope akagonga jino kwa ncha ya chuma. Mkono ukapanda.

Goodhope akaacha. "Bado. Tungoje tena."

Wakangoja tena. Akagonga. Mkono ukapanda, wa haraka zaidi.

"Nipe ya pili, mzee."

"Ni hiyo tu."

Goodhope akageuka mzima mzima. "Moja? Kwa gego la chini, na usaha wote huu? Si umesema ulikuwa unafanya kazi humu?"

"Ya pili ilikuwa hela ya kukaa."

"Kukaa wapi?"

"Kwenye kiti. Ili atulie."

Kijana yule hakumtukana. Ingekuwa afadhali. Alimwangalia tu, akavuta pumzi, akafuta jasho kwa bega. "Pale dukani hawakopeshi. Hata mimi hawanikopeshi. Nikimrudisha leo, kesho hafiki. Unaliona hilo?"

"Naliona."

"Basi."

Akaingiza koleo. Domina aliguna kwa ndani, mkono wa kushoto ukapanda juu, vidole vimetanuka. Goodhope hakuacha. Mkono ukapunga. Macho ya mtoto yakamtafuta baba yake, siyo daktari, baba yake, yakisema kwamba ameinua, mbona ameinua.

"Limeanza kucheza," Goodhope alisema bila kuinua kichwa. "Nikiacha sasa litavunjika, mizizi ibaki, na kazi yote bure. Ananipiga mkono, mzee. Shika."

Ditram alibaki amesimama palepale.

"Mzee. Shika au toka."

Alikuwa ameshika watu mia kadhaa maishani, viganja, mabega, vichwa vya wazee wenye mvi, na hata mmoja hakumkandamiza. Akapiga hatua mbili. Akaukamata mkono wa binti yake kwenye kiwiko na kwenye kifundo, akaushusha, akaulalia kwa kifua chake chote pembeni ya kiti. Ulikuwa na nguvu kuliko alivyofikiri. Ulipambana chini yake. Yeye, ambaye kazi yake ilikuwa maneno, hakupata hata moja. Kilio kilichotoka hakikuwa cha mdomo, mdomo ulikuwa umejaa chuma. Kilitoka puani na kifuani, kikapita mlango, kikaenda mpaka kwenye benchi.

Gego likatoka zima, mizizi miwili, na nyuma yake usaha wa kujaza kikombe. Harufu ikajaa chumba. Goodhope akakamua kwa kidole chini ya taya, akakamua tena, mpaka ikaanza kutoka damu tupu.

"Amepona," alisema. "Angelala na hii, asingeamka."

Ditram akauachia mkono. Ulibaki palepale alipouacha, umelegea, na alama za vidole vyake zimebaki juu yake kama za mtu mwingine.

*

Nje benchi lilikuwa tupu. Mzee Kondo alionekana mbali karibu na geti, anasukuma baiskeli, shavu lake limefungwa kitambaa, hatazami nyuma. Costancia alichungulia kupitia nondo. "Kaka Ditram, umetufukuzia wateja," alisema. Siku hizi waliitwa wateja.

Goodhope alikuwa amesimama mlangoni, ananawa kwa maji ya dumu. Alimwita Ditram pembeni, ingawa pembeni yenyewe ilikuwa hatua moja kutoka alipokaa Domina na pamba mdomoni.

"Mzee, usione nimekukalia vibaya. Una mikono. Watoto kama hawa napata watatu, wanne kwa siku, na dukani bei ndiyo ile. Mganga mkuu amekubali nitafute kibarua, analipwa kwa siku kwenye makusanyo. Mtu wa kushika. Nilikuwa namtumia mlinzi, lakini mlinzi anaumiza watu."

"Kushika tu?"

"Kushika tu. Kuongea nao muda hakuna."

Ditram akatazama kile chumba. Miaka kumi na minane ya kuwatuliza watu waliiita kazi isiyokuwepo. Leo, kwa dakika mbili za kumlalia mwanawe, kazi imepatikana, na mshahara umepatikana, na kamati haikuhitaji hata kukaa. Alitaka kusema hivyo. Alitaka kumwuliza kijana yule kama wale mabwana wenye tai wakija tena wataandika nini kwenye makabrasha yao. Lakini jiko la mahindi lilikuwa limelala baridi siku nne, ada ya shule ilikuwa mbele, na Goodhope hakuwa mmoja wao.

"Jumatatu saa ngapi?" alisikia sauti yake inauliza.

"Saa mbili, poa. Njoo na sabuni yako."

Alipogeuka, Domina alikuwa anamwangalia. Hakuwa analia. Aliinuka, akachukua daftari lake jipya kutoka mkononi mwa baba yake, kwa upole kabisa, kama mtu anayepokea chenji dukani, akaanza kwenda getini.

*

Alitangulia njia nzima mpaka kwenye malori. Ditram alipoongeza mwendo, naye aliongeza, alipopunguza, hakupunguza. Lori la kurudi Mikumi lilikuwa limepakia magunia ya pumba, na juu yake walikuwa wamekaa watu sita au saba. Mama mmoja mwenye tenga la nyanya alimwona Domina anapanda kwa mkono mmoja, mwingine umeshika shavu, akamvuta juu.

"Pole, mwanangu. Umeng'olewa?"

Domina akaitikia kwa kichwa.

"Peke yako peke yako? Uko na nani?"

Ditram alikuwa chini, mguu mmoja umeshakanyaga tairi. Domina alitoa pamba, akatema damu pembeni ya lori, akajifuta. Sauti bado ilikuwa nzito, lakini maneno yalisikika vizuri kuliko asubuhi.

"Niko peke yangu."

"Maskini. Kaa hapa kwangu, uniegemee."

Akakaa, akaegemea. Ditram alipanda, akapata nafasi nyuma kabisa, juu ya gurudumu la akiba, akiwa ametazama barabara wanayoiacha. Lori likaondoka. Walipovuka daraja, utingo alianza kukusanya nauli, akafika kwa Domina, wakaongea kidogo, mama wa nyanya akafungua pindo la kanga yake kutafuta hela. Ditram akanyoosha mkono, akampigia utingo mluzi mdogo. Alivua kiatu, akatoa noti soksini.

"Mikumi, mzee?"

"Mikumi. Kata ya watu wawili. Mimi na yule binti aliyemwegemea mama wa nyanya."

Utingo akageuka, akamtazama Domina, akamtazama Ditram. "Mbona amesema hana mtu? Ni wako?"

Mbele kule Domina alikuwa amefumba macho, kichwa begani kwa mama wa nyanya, anapumua kwa mdomo wazi, vizuri, bila kukwama.

"Kata ya watu wawili, kijana," alisema Ditram.